Dole Gumba la Mwalimu Kapalata

Mtaa mzima wa Cheyo wananiita Mama Roketi.
Nikienda dukani kununua chumvi
mwenye duka huuliza kama chombo kinaruka leo.

Chanzo ni sanduku la mninga chumbani kwangu,
limekaa juu ya matofali manne,
kila tofali ndani ya kopo la oili chafu,
maana mchwa wa Tabora hawajui
toleo la kwanza wala la tano;
kwao yote ni ugali.

Ndani mna vitabu kumi na saba
vya watu waliokwenda juu, vya waliowatuma,
na kimoja cha yule aliyebaki chini akiwahesabia hewa.
Vyote chapa ya kwanza. Vyote vina saini.

Nilianza nilipokuwa karani wa mizigo stesheni.
Kitabu kilisahaulika kwenye behewa la daraja la pili,
nikakitunza miezi sita, hakuna aliyekuja kukidai.
Ukurasa wa mbele, wino wa buluu,
herufi ya kwanza imepanda
kama kitu kinachobanduka ardhini.

Kingine nilikipata kwa ndoo ya asali ya Sikonge.
Kingine kwa barua za miezi minane.
Kimoja, nakiri, kilinilaghai: saini ni ya mashine.
Niliazima kioo cha fundi saa, nikaona
wino hauna pumzi,
haunenepi pale mkono unapochoka.
Sikukitupa. Kinalala chini kabisa, kifudifudi.

Marehemu Mihambo aliniuliza mara moja tu:
"Hiki ni sawa na bati ngapi?"
Nikasema kumi na mbili.
Akanyamaza, akaenda kusogeza beseni
pale paa linapovuja.

Cha kumi na nane nilikikuta kwa muuza karanga.
Kijitabu cha kurasa arobaini, pini mbili zenye kutu,
kilichapwa hapa hapa mjini, enzi watu wanakanyaga mwezi,
na mwalimu wa hesabu, Gervas Kapalata.
Anaeleza kwa Kiswahili kinyoofu
mtu asiye na uzito anakojoaje,
na kwa nini mwezi, ambao sisi Wanyamwezi
tunatembea nao ndani ya jina,
hauna upepo wa kupeperusha hata unyoya.
Kurasa nne zilikwisha kuwa vifuko.
Nilinunua karanga zote ili niuziwe na karatasi.

Nikasikia mwandishi yu hai, yuko Isevya.

Binti yake, Leokadia, alinifungulia akifuta mikono.
"Baba alipata kiharusi. Kalamu haimkai."
Mzee akakipokea kwa mkono wa kushoto,
akakipima uzito, akakinusa,
akafunua polepole mpaka penye pengo.
"Umepoteza za kurudi," akasema, ulimi mzito.
"Kwa hiyo kwako wewe
bado wako huko huko."
Akacheka hadi Leokadia akaja na kitambaa.

Nilikuwa na kidau cha muhuri wa stesheni,
zambarau, nilichosahau kurudisha nilipostaafu.
(Sikusahau.)
Tukamshika dole gumba, binti huku, mimi huku,
likashuka kwenye ukurasa wa kwanza
kwa uangalifu wa kitu kinachotafuta pa kutua.
Akaligandamiza mwenyewe. Alikataa tusimsaidie hapo.

Usiku nimelitazama kwa kioo cha fundi saa:
matuta, mabonde, kovu la wembe kando,
na ukingo mmoja umekolea zaidi
pale alipoegemea.
Nimewahi kuona picha ya unyayo kama huo,
juu ya vumbi lisilo na mvua.

Karanga bado ziko nusu gunia. Njooni mle.
Asubuhi nitaongeza oili kwenye makopo.